Tumbili Hasimulii ya Jana

Hotuba kwa walimu, wazazi na vijana wanaosomea ualimu, Kisumu

Mwenyekiti wetu, walimu wenzangu, wazazi mliofunga maduka mapema na mliotoka shambani ili mfike hapa, na nyinyi vijana mtakaotupokea chaki kesho: hamjambo, na poleni kwa jua. Nimeombwa nizungumze juu ya hadithi. Muda niliopewa unatosha, kwa hivyo sitakimbia.

Nianze na tumbili. Mwaka 1980 watafiti watatu, Robert Seyfarth, Dorothy Cheney na Peter Marler, walichapisha walichokigundua katika mbuga ya Amboseli, hapa hapa Kenya. Tumbili wa kule wana mlio wao wa chui, wana mwingine wa tai, na wana mwingine wa nyoka. Watafiti wale waliirekodi milio hiyo, wakaficha spika kichakani, wakaicheza saa ambayo hapakuwa na adui yeyote. Tumbili wakisikia mlio wa chui walipanda mitini mbio. Wakisikia wa tai walitazama angani au wakajitosa vichakani. Wakisikia wa nyoka walisimama kwa miguu ya nyuma, wakakagua nyasi.

Hiyo ni akili kubwa, na sipendi watu wanaoidharau. Ila hakuna tumbili aliyewahi kukaa na wenzake jioni akawaambia: jana chui alipita pale kwenye mgunga, akamkosakosa mama yangu. Wala hakuna aliyewaambia wenzake: paliondokea chui mmoja aliyetaka kuoa bintiye tumbili. Tumbili analia chui akiwa ameona chui, basi. Nyuki amemshinda kidogo, maana yeye hurudi mzingani akacheza, na wenzake wakajua maua yako upande gani na umbali gani. Lakini hata nyuki hachezi habari za maua ya mwaka jana, wala za maua ambayo hayajawahi kuchanua popote.

Sisi hufanya hivyo kutwa kucha. Tunamchukua mtu aliyeketi mbele yetu, tunampeleka mahali ambapo hajawahi kukanyaga, tunamvika moyo wa mtu ambaye hatamwona maishani mwake, halafu tunamrudisha salama. Nimefundisha Kiswahili muda mrefu wa kutosha kuamini kwamba hapo ndipo binadamu anapojitenga na viumbe wengine, kuliko hata kwenye mikono yake au vyombo vyake. Na nimekuja kuwaambia kwamba jambo hili kubwa tunalifundisha vibaya. Nitafika huko.

Mwaka 1944, nchini Marekani, Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu picha fupi inayotembea. Ndani yake mlikuwa na pembetatu kubwa, pembetatu ndogo, duara dogo, na mstatili wenye upande mmoja unaofunguka kama mlango. Maumbo yale yalikwenda huku na huku, yakagongana, yakaingia, yakatoka. Kisha watu waliulizwa: mmeona nini? Katika kundi la kwanza la watu 34, ni mmoja tu aliyeeleza kwamba pembetatu ilisogea kushoto na duara likasogea kulia. Waliobaki waliona viumbe wenye nia. Waliona mkorofi, waliona wanaoonewa, waliona mapenzi na hasira na kutoroka.

Nami nimelijaribu hilo darasani, na Kidato cha Pili. Nilikata maumbo kwenye karatasi ya manila, nikayasogeza ubaoni kwa vidole bila kusema neno. Kabla sijafika nusu, dawati la nyuma lilikuwa limeshakasirika. “Mwalimu, huyo mkubwa amwache!” Msichana mmoja alisema duara ni mtoto aliyetumwa dukani akapoteza chenji, na sasa anaogopa kuingia nyumbani. Nikamuuliza amejuaje. Akaninyooshea kidole: “Si unaona anavyosimama mlangoni?” Nilitazama. Ilikuwa karatasi ya duara, nimeishika kwa gundi karibu na mstatili. Na kweli, ilikuwa imesimama kama mtoto aliyepoteza chenji.

Kwa nini basi tushangae kwamba watu wetu hawakuweza kupita kwenye jiwe wakaliacha kuwa jiwe? Ukitoka hapa kwenda Bondo, kabla hujafika mbali, kule Seme, utakuta Kit Mikayi: majabali makubwa yaliyobebana, na wenyeji watakuonyesha yupi ni mke wa kwanza, yupi wa pili, yupi wa tatu, kama yalivyopangwa mambo katika boma la Kijaluo. Watakusimulia mzee aliyelipenda jiwe lile hata akawa anashinda humo pangoni, na mke wake mkubwa akibeba chakula kumpelekea, siku baada ya siku. Shika njia ya Kakamega, karibu na Khayega utaliona jiwe la Ilesi, mwanamke aliyeinamisha kichwa, maji yakimtiririka usoni. Wenzetu wa Nakuru wana Menengai, shimo kubwa la volkeno, ambako wanasimulia mashujaa wa Kimaasai waliotupwa kretani katika vita vya karne ya 19, na mvuke unaotoka chini ni roho zao zinazotafuta njia. Siku hizi mvuke ule unazalisha umeme. Hadithi haijazimika kwa sababu hiyo, na wala haina haja ya kuzimika.

Sasa, hadithi husimuliwa saa ngapi? Wazee mnajua. Karibu kila jamii ya magharibi mwa Kenya ilikuwa na mwiko wa kusimulia ngano mchana. Mchana kuna kupalilia, kuna mifugo, kuna maji ya kuteka. Nilidhani huu ni utaratibu wa wakulima na wafugaji tu, wa kuzuia watoto wasitegee kazi, mpaka niliposoma kazi ya Polly Wiessner. Mwanaanthropolojia huyu aliishi na Waju/'hoansi, watu wa jamii ya Wasan wa Botswana na Namibia, akaandika mazungumzo yao ya mchana na ya usiku. Matokeo yake yalitoka mwaka 2014. Mchana, kama theluthi moja ya mazungumzo ilikuwa malalamiko, lawama na umbea, na theluthi nyingine karibu ilikuwa mambo ya chakula na mali. Hadithi zilikuwa asilimia 6 tu. Jua likizama, moto ukiwashwa, mambo yanageuka: asilimia 81 ya mazungumzo ikawa hadithi. Watu wale wale waliokuwa wakizozana mchana kuhusu nyama, usiku wanasikiliza habari za ndugu walio mbali, ndoa, safari, na watu ambao wengine hawajawahi kuwaona.

Wiessner anaona kwamba moto uliwapa binadamu saa za ziada ambazo hazikufaa kwa kazi, na katika saa hizo ndipo walipojifunza kuwabeba moyoni watu wasiokuwa mbele yao. Mimi naliamini hilo kwa sababu nimeliona.

Boma la Kijaluo lilikuwa na siwindhe, nyumba ya bikizee ambamo wasichana na watoto wadogo walilala. Wavulana waliokuwa wakubwa kidogo walikaa na wazee wa kiume kwenye duol, karibu na zizi. Yule bikizee, pim, hakuwa mlezi wa usiku tu. Wanawake katika jamii ile huolewa nje ya ukoo wao, kwa hivyo mama yule alikuwa ametoka kwa watu wengine, pengine mbali sana, na hadithi zake alikuja nazo kutoka kwao. Fikirieni jambo hilo. Mtoto wa Seme anapata habari za dunia kupitia mdomo wa mama aliyezaliwa Gem au Alego au ng'ambo ya ghuba. Kabla mtoto hajavuka mto wa kijiji chake, alishaishi kwenye vijiji vingine vitatu, usiku, akiwa amejifunika ngozi.

Nyumba nyingi za siwindhe hazipo tena, lakini nimewahi kukaa na dani mmoja, yaani bibi wa Kijaluo, kule Seme akichambua omena kwenye ungo, wajukuu wakiwa wamemzunguka, umeme umepotea kama unavyopotea. Alikuwa anasimulia Simbi. Mnaijua: ziwa dogo la mviringo karibu na Kendu Bay, maji ya kijani yenye magadi, ambamo heroe huja kula. Wanajiolojia watakwambia ni kreta ya volkeno, na ndivyo ilivyo. Dani anasema palikuwa na kijiji. Palikuwa na pombe na ngoma usiku ule, na mvua, na bikizee mgeni akaja amelowa chapachapa, anaomba akae karibu na moto tu. Wanaume wakamfukuza. Akaenda nyumba ya pili, wakamfukuza. Ya tatu...

Hapo dani alinyamaza, akachukua omena mmoja aliyevunjika kichwa, akamtazama kwenye mwanga wa koroboi, akamtupia paka. Watoto hawakupumua. Alijua anachofanya. Mtoto mmoja wa miaka kama minne hakuweza kuvumilia, akasema kwa sauti ya kulia: “Kuna mama atamfungulia!” Alishaisikia hadithi ile mara nyingi, anajua mwisho wake, na bado alikuwa na hofu kwamba safari hii huenda yule mama asifungue. Dani akamwambia, “Tungoje tuone.”

Mama mmoja akafungua. Akamkokea mgeni moto, akampa pa kulala. Bikizee akamwambia: mwite mumeo, chukua watoto, ondokeni usiku huu. Asubuhi hapakuwa na kijiji, palikuwa na maji. Wengine husema mume alikubali kuondoka, wengine husema alikataa kuacha pombe yake. Naona mama mmoja pale mstari wa tatu anatikisa kichwa. Kwao inasimuliwa vingine. Mama, usiende, nitakurudia.

Yule mtoto wa miaka minne ananifundisha zaidi ya vitabu vingi. Hakuwa anatafuta habari, kwa maana habari alikuwa nazo. Alikuwa amesimama mlangoni na bikizee aliyelowa, na baridi ilikuwa inamwingia yeye. Ukitaka mtoto wako amfungulie mgeni mlango akiwa na miaka 30, msimamishe kwanza nje ya mlango, kwenye mvua, akiwa na miaka 4.

Kuna utafiti unaofuata njia hii hii. Mwaka 2017 Daniel Smith na wenzake walitoa matokeo kuhusu Waagta, watu wa Ufilipino wanaoishi kwa kuvua, kuwinda na kuokota chakula msituni. Waliwauliza watu: katika kambi yenu, ni nani wasimulizi hodari? Wakawauliza tena: ungependa kuishi na nani? Msimulizi hodari alichaguliwa karibu mara mbili kuliko asiyejua kusimulia, na alipendwa kuliko hata mafundi wa kutafuta chakula. Kisha walicheza na watu wale mchezo wa kugawana mchele. Kambi zenye wasimulizi wengi hodari ndizo zilizogawana kwa ukarimu zaidi. Mojawapo ya hadithi zao inasema jua, mwanamume, na mwezi, mwanamke, waligombana nani aangaze mbingu. Wakapigana. Mwezi akaonyesha kwamba hazidiwi nguvu. Wakakubaliana, mmoja mchana, mwingine usiku. Ni hadithi fupi, mtoto anaweza kuikariri, na ndani yake mna sheria nzima ya kuishi na mwenzako bila kumtawala.

Naweza kuendelea na ushahidi. Kule Sulawesi, Indonesia, wanaakiolojia wametangaza mwaka 2024 mchoro wa pangoni wenye umri usiopungua miaka 51,200: nguruwe mwitu na watu watatu wamemzunguka, wanafanya jambo fulani. Kuna mtu aliyetaka mwingine aone tukio. Kule Kilifi, kwenye pango la Panga ya Saidi, alizikwa mtoto wa kama miaka mitatu, yapata miaka 78,000 iliyopita, amelazwa kwa ubavu, miguu imekunjwa, na kichwa chake kilikuwa kimewekewa kitu cha kukiegemeza ambacho kimeoza. Watafiti wamempa jina la Mtoto. Maneno yaliyosemwa juu ya kaburi lile hayakubaki, lakini siwezi kuamini kwamba walimwekea mto wakanyamaza.

Na kuna kazi ya Uri Hasson na wenzake, ya mwaka 2010. Walipima ubongo wa mtu anayesimulia na ubongo wa wanaomsikiliza, wakaona kwamba mwendo wa ubongo wa msikilizaji unaufuata ule wa msimulizi, na mahali pengine unautangulia, kwa kuwa msikilizaji anabashiri. Msimulizi alipotumia Kirusi, lugha ambayo wasikilizaji hawakuijua, kufuatana kule kukatoweka. Walimu wa madarasa ya chini, lichukueni hilo. Mtoto anayesomewa hadithi kwa lugha asiyoielewa amekaa darasani peke yake, hata kama mko 60.

Lakini sitakuwa nimesema kweli nikiisifu hadithi tu. Nizungumze na watu wa Kisumu na Nandi na Nakuru kama watu wazima.

Mnaijua habari ya Luanda Magere. Shujaa wa Kijaluo kutoka Kano ambaye mkuki haukumwingia, mwili wake ulikuwa kama jabali. Majirani, Wanandi, waliposhindwa vitani walimpa msichana mrembo awe mke wake. Siku moja akaugua, akamwambia mke yule achanje, lakini asichanje mwili, achanje kivuli chake. Mke akachanja kivuli, damu ikatoka. Usiku ule akatoroka, akawaambia watu wake. Vita vilivyofuata mkuki ulirushwa kwenye kivuli, na Magere akageuka jiwe, ambalo wenyeji wa Kano wanakuonyesha hadi leo.

Niliposikia hadithi hii nikiwa mdogo, nilitoka nayo na funzo moja: usimwamini mke wa kutoka upande ule. Hakuna aliyenitajia funzo hilo, lakini lilikuwa hapo, limekaa. Na wapo watoto waliolelewa upande wa pili wa mlima, ambao msichana yule kwao ni shujaa wa kike aliyeokoa taifa lake. Mpaka wa kaunti mbili umepita kati ya hadithi hizo, na mnajua wenyewe mara ngapi mpaka ule umewaka moto kwa sababu ya ng'ombe na mashamba.

Je, tuache kuisimulia? Hapana. Mimi huwauliza wanafunzi wangu swali moja, kisha nakaa kimya. Yule msichana, kabla ya kutoroka, alikuwa anafikiria nini? Ametolewa kwao kama zawadi ya vita. Hakuulizwa. Amepikia watu ambao wamewaua kaka zake. Mume amelala mgonjwa, anamwamini kiasi cha kumpa siri ambayo hajampa mtu mwingine. Damu inatoka ardhini. Ana usiku mmoja wa kuamua. Wanafunzi wa Kidato cha Tatu hupiga kelele sana hapo. Wavulana husema ni msaliti. Kisha msichana mmoja husema polepole, “Na yeye, nani alimsaliti kwanza?” Sijawahi kulipata swali hilo kutoka kwenye kitabu cha mwongozo. Baada ya hapo hadithi haiwezi tena kutumika kirahisi kumchukia mtu.

Kwa sababu hadithi hutumika kuchukia. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia zile, ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Hapa Kisumu wengi waliangushwa na risasi za polisi, na tume ile iliandika hivyo. Nakuru na Naivasha, mwishoni mwa Januari 2008, majirani waligeukiana kwa mapanga. Kabla ya mapanga yalitangulia maneno: ujumbe wa simu, vipeperushi vya usiku, vipindi vya redio. Vichukueni vyote mvisome leo na mtaona ni hadithi, zenye mwanzo, kati na mwisho. Hawa walikuja. Hawa walichukua. Hawa wanapanga kitu usiku wa leo. Kila mmoja wa hao “hawa” alikuwa hana jina, hana mama, hana mtoto aliyepoteza chenji. Tabia ile ile inayomfanya mtoto aone uso katika duara la karatasi ndiyo iliyowafanya watu wazima waone jitu katika uso wa jirani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa maana nilikuwa nchini, na nilisikia hadithi hizo kwa masikio yangu, zikisimuliwa kwa ufundi mkubwa.

Ndiyo maana sikubali mtu anaposema hadithi ni burudani ya watoto. Mtoto aliyesimuliwa upande mmoja tu maisha yake yote ni hatari kwa kijiji kizima. Dawa yake haipatikani kwa takwimu pekee. Anahitaji hadithi ya pili ya tukio lile lile, kutoka kwa mdomo mwingine, naye akae kimya mpaka iishe.

Profesa Bethwell Ogot, mtoto wa Gem tuliyempoteza Januari 2025, alilielewa jambo hili kwa njia ya msomi. Alipoanza utafiti wake, wakubwa wengi wa vyuo vya Ulaya walishikilia kwamba mahali pasipo na maandishi hapana historia. Yeye alikwenda kwa wazee, akawasikiliza, ukoo baada ya ukoo, akalinganisha masimulizi yao, hii inasema hivi na ile inasema vile, na kutokana na tofauti hizo akajenga historia ambayo hakuna aliyeweza kuikataa. Hakumwamini mzee mmoja. Aliwaheshimu wote kiasi cha kuwalinganisha.

Sasa nifike kwetu walimu. Nendeni kwenye shule yoyote ya sekondari, mwiteni mwanafunzi wa Kidato cha Nne, mwambieni: taja sifa za ngano. Atakutajia bila kumeza mate. Kuna fomula ya kutanguliza, kuna fomula ya kuhitimisha, kuna fanani, yaani msimulizi, kuna hadhira, kuna takriri, kuna nyimbo. Atakutofautishia hurafa na usuli, mighani na visasili. Mwambie sasa: nitambie ngano moja. Atakutazama. Anajua viungo vyote vya mwili wa hadithi, na hajawahi kuiona ikitembea.

Siwalaumu wanafunzi. Swali la fasihi simulizi likija kwenye mtihani linataka hoja zihesabiwe, na mwalimu ana madarasa manne na marundo ya kusahihisha. Lakini tukifundisha hivi miaka 10 zaidi, tutakuwa na kizazi kinachoweza kufafanua dhima tano za ngano na hakina hata ngano moja ya kumpa mtoto wake umeme ukipotea.

Wala silaumu simu. Simu ile ile inayowala watoto wetu muda inaweza kurekodi. Kijana aliyeko Nairobi anaweza kumpigia bibi yake, awe dani wa Seme, bibi wa Vihiga au gogo wa Kericho, akamwambia: nisimulie ile ya zimwi, nakurekodi. Itume kwenye kundi la familia la WhatsApp. Dakika sita za sauti ya bibi, na mbuzi wakilia nyuma, ni urithi ambao hauhitaji wakili.

Ninachowaomba ni hiki. Muhula ujao, kabla hujaandika ubaoni neno fanani, watume wanafunzi nyumbani wakalete hadithi. Isiwe ya kitabu. Kila mmoja aandike daftarini jina la aliyemsimulia, kijiji chake, na lugha iliyotumika. Wakirudi, wapange wawili wawili, na hapa usione haya kupanga kwa makusudi: aliyetoka Ahero akae na aliyetoka Nandi Hills, wa Mumias akae na wa Kisii, wa Njoro na wa Bondo. Amsimulie mwenzake kwa Kiswahili. Kisha, na hapa ndipo penye kazi, asiyekuwa mwenye hadithi ndiye asimame mbele ya darasa aisimulie. Mwenyewe akae amsikilize mgeni akiibeba hadithi ya bibi yake. Atataka kumkatiza kila sentensi. Mkataze. Mwisho mwulize: ameibeba vizuri?

Nimefanya hivyo. Mara ya kwanza vurugu ilikuwa kubwa, na mwalimu wa darasa la jirani alikuja kugonga mlango. Mvulana mmoja wa kutoka Kano alisimulia ngano ya Kikalenjin ya Chemosit, lile jitu la usiku, akaifanyia mikono na macho mpaka madawati ya mbele yakarudi nyuma. Mwenye hadithi, msichana mpole ambaye nilikuwa sijasikia sauti yake tangu muhula uanze, alisimama akasema: “Amesahau wimbo.” Akauimba. Kwa Kinandi, mbele ya darasa lililojaa Wajaluo na Waluhya, na kufika mara ya tatu darasa zima lilikuwa linaitikia.

Baada ya wiki hiyo nilifundisha fomula, fanani, hadhira na dhima zote kwa vipindi viwili tu, kwa sababu walikuwa wanajua ninazungumzia nini. Wazazi, mkiona mtoto amerudi na daftari anakusumbua na maswali juu ya bibi yako, zima televisheni mumsaidie. Na wewe unayesema hukusimuliwa chochote, simulia ulivyofika mjini huu mara ya kwanza, ulishuka wapi, nani alikupa chai. Hiyo nayo ni hadithi, na mtoto wako hajawahi kuisikia.

Mwenyekiti, maneno yangu yameisha na bado tuna nafasi. Kijana mwenye maikrofoni, tafadhali mpelekee yule mama wa mstari wa tatu. Mama, kwenu Simbi ilizama vipi?